Santuri ya Piano Iliyobaki Palma

Wiki hii tuna barua kutoka Palma, katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Mwandishi wake ni mama wa nyumba ambaye ametuomba tusitaje jina lake. Maswali anayouliza yanazihusu nyumba nyingi za pwani, upande huu wa Mto Ruvuma na upande ule, na ndiyo maana tumeona yafaa tuyajibu hapa badala ya kumwandikia peke yake.

Mama huyo aeleza kwamba mji wa Palma uliposhambuliwa mwezi Machi 2021 alikimbia na watoto, sufuria moja na mfuko wa vyeti. Aliporudi mwaka uliofuata alikuta mlango umevunjwa, mabati ya upande mmoja yameng'olewa, na gramafoni ya marehemu baba yake imekwenda na wenyewe wajuao. Chini ya kitanda palikuwa na kasha la mbao lililopinduliwa, na ndani yake santuri sita. Tano zilikuwa zimekanyagwa zikapasuka, au zimebetuka kama chapati juu ya chuma. Ya sita ilikuwa nzima, ila jalada lake lilikuwa limeliwa na mchwa pembeni na kuota kuvu. Ni santuri ya piano, mtu mmoja akipiga peke yake, bila ngoma wala mwimbaji. Baba aliinunua Dar es Salaam ikiwa imekwisha tumika, kwa mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa akiuza vyombo vyake ili arejee kwao, kisha akavuka nayo Ruvuma baada ya uhuru wa Msumbiji wa mwaka 1975. Juu ya jalada kuna jina la mwalimu huyo lililopigwa mstari, na chini yake jina la baba, kwa kalamu ya wino, na maneno “Palma 1976”.

Maswali yake ni haya. Je, santuri hiyo yaweza kuokolewa? Je, ni kweli kwamba santuri za namna hiyo huuzwa Ulaya kwa fedha nyingi, kama alivyoambiwa mdogo wake wa kiume aishiye Mtwara, ambaye ataka iuzwe ili wanunue mabati? Na je, yeye kama dada ana haki ya kukataa?

Swali la tatu ndilo zito, nalo haliwezi kujibiwa kabla ya kujua kitu chenyewe ni nini. Mama ametunakilia majina ya nyimbo kutoka jaladani, herufi kwa herufi, na kwa majina hayo hapana shaka kwamba santuri hii ni ile iitwayo African Piano, ya mpiga piano wa Afrika ya Kusini aliyejulikana wakati huo kwa jina la Dollar Brand. Ilirekodiwa mbele ya wasikilizaji tarehe 22 Oktoba 1969 katika ukumbi wa Jazzhus Montmartre, mjini Copenhagen, nchini Denmark, ikatolewa mwaka 1973 na kampuni ya JAPO ya Ujerumani ya Magharibi. Wimbo wa kwanza waitwa “Bra Joe from Kilimanjaro”. Neno “bra” katika vitongoji vya Afrika ya Kusini ni sawa na “kaka” kwetu. Si ajabu basi kwamba mzee yule, aliyekuwa mgeni Dar es Salaam, alipopekua vyombo vya mwalimu na kuona Kilimanjaro imeandikwa juu ya jalada la Ulaya, aliushika mkono wake pale pale.

Mpigaji alizaliwa Cape Town mwaka 1934. Mwaka 1959 alikuwa katika bendi ya Jazz Epistles pamoja na Hugh Masekela, Jonas Gwangwa na mpiga saksafoni Kippie Moeketsi. Ndiyo maana mmoja wa nyimbo za santuri hii waitwa “Kippy”. Mwaka 1962, siasa ya ubaguzi ilipozidi kuwabana wanamuziki, aliondoka kwenda Ulaya na mwimbaji Sathima Bea Benjamin, ambaye baadaye walioana, na mwaka 1963 Duke Ellington, mkuu wa muziki wa jazi wa Marekani, alimsikia mjini Zurich akamfungulia mlango. Mwaka 1968 alisilimu akachukua jina la Abdullah Ibrahim. Mama ataja katika barua yake kwamba mjomba mmoja hapendi santuri hiyo ipigwe nyumbani kwa sababu mwanzoni zasikika sauti za watu wa klabu. Kila nyumba ina desturi yake, nasi hatuwezi kumwamulia mjomba. Lakini huenda akafurahi kujua kwamba mtu aliyekaa kwenye piano ile usiku ule alikuwa amesilimu mwaka uliotangulia. Jina la zamani lilibaki jaladani kwa sababu ndilo wanunuzi walilolijua. Anayetafuta santuri zake katika maduka ya vitu vilivyotumika yampasa aangalie majina yote mawili, kwani wenye maduka wengine huziweka katika safu mbili mbali mbali bila kujua kwamba ni mtu mmoja.

Hapa inafaa tuondoe utata wa neno “jazi”. Sisi tuliokua na Kilwa Jazz, Western Jazz, Atomic Jazz ya Tanga na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe tulilijua neno hilo kuwa jina la bendi ya dansi yenye magitaa na tarumbeta. Jazi ya santuri hii ni ndugu wa mbali wa muziki ule. Ina asili yake kwa watu weusi wa Marekani, na nguvu yake ni kwamba mpigaji huanza na wimbo unaojulikana kisha akautunga upya papo hapo, mbele ya watu. Wako waliokitia Kiswahili ndani yake: mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston wa New York alitengeneza santuri iitwayo Uhuru Afrika, na ndani yake Mtanganyika Tuntemeke Sanga asikika akisema kwa lugha yetu. Lakini ile ni kazi ya bendi kubwa. Hii ya Palma ni mtu na chombo chake tu.

Tuliisikiliza tena kabla ya kuandika. Mkono wa kushoto waanza na kifungu kifupi cha sauti nzito, kisha wakirudia, na kukirudia, bila kuchoka, kama mpiga ngoma aliyepewa kazi ya kushika mdundo hadi wachezaji waridhike. Mkono wa kulia ndio unaotembea. Watoka, wazunguka, wagombana na mwenzake, kisha warejea. Nyimbo huungana bila kusimama, hata mtu asiyesoma jalada hawezi kujua moja imekwisha wapi na nyingine imeanzia wapi. Anayetoka pwani ya Kimwani au katika nyanda za Wamakonde hatahitaji kufundishwa kusikiliza muziki wa namna hii, maana kurudia kwa mkono wa kushoto atakuwa amekwisha kukusikia ngomani. Kuna mahali panapofanana na wimbo wa kanisani, na mahali pengine panapofanana na mtu anayefikiri peke yake usiku. Mwezi ule wa Oktoba 1969 vita vya ukombozi vilivyoanza Cabo Delgado tarehe 25 Septemba 1964 vilikuwa vimeingia mwaka wa sita, na mpigaji mwenyewe alikuwa mbali na kwao.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe, yaani plastiki na vumbi. Santuri ya piano peke yake ndiyo ngumu kuliko zote kununua ikiwa imetumika. Katika santuri ya bendi ya dansi, mkwaruzo mdogo humezwa na ngoma na tarumbeta. Piano ina vituo vya ukimya, na sauti yake huachwa ikififia polepole. Hapo kila chembe ya mchanga husikika kama mahindi yanayopasuka kikaangoni. Kadhalika, sahani ikizunguka kwa mwendo usio sawa, kwa sababu ya betri dhaifu, mkanda uliolegea au tundu la katikati lililopanuka, sauti ndefu ya piano huyumba na kila mwenye masikio huitambua. Kwa hiyo mnunuzi wa santuri kama hii asiridhike na kung'aa kwake. Aishike kwa kingo, aielekeze penye mwanga wa dirisha, aitazame kwa ubavu.  Mikwaruzo yenye kina ndiyo inayorusha sindano. Kisha aiweke usawa wa macho aone kama imebetuka.

Mama aandika kwamba yake haikubetuka, na kwamba kuna madoa meupe kama unga. Madoa hayo ni kuvu, nayo haili plastiki. Hula karatasi, gundi na mafuta ya vidole yaliyobaki juu ya sahani. Yaweza kuoshwa, ila kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, maji. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na maji yake yakikauka huacha chembe ndani ya mifuo ambazo ni mbaya kuliko uchafu uliotolewa. Atumie maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi baada ya mvua kulisafisha paa, akayachemsha, akayachuja kwa kitambaa na kuyaacha yapoe kabisa. Maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza katika betri za gari yafaa pia, lakini ahakikishe kwamba ni maji tu, kwa sababu madukani jina hilo hilo la “maji ya betri” hupewa asidi, nayo huchoma mikono na macho. Katika lita moja atie matone mawili ya sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo. Asitumie sabuni ya unga, wala majivu, wala mafuta ya taa. Tumeona watu wakisugua santuri kwa mafuta ya taa ili zing'ae. Hung'aa kweli, kisha hukusanya vumbi la mtaa mzima.

Pili, kitambaa. Kipande cha fulana ya pamba iliyofuliwa mara nyingi chatosha. Akiloweshe, akikamue, afute kwa kufuata mzunguko wa mifuo, asisugue kwa kukata. Karatasi ya katikati yenye majina isiguswe na maji. Akimaliza afute tena kwa maji matupu yasiyo na sabuni, kisha aisimamishe kivulini, penye hewa, ikiegemea kitu safi. Isianikwe juani hata kwa dakika tano! Jua la Palma wakati wa kaskazi laweza kuipinda sahani nzima kabla chungu hakijachemka, na iliyobetuka kwa joto hainyoshwi na fundi yeyote bila kuumiza mifuo yake.

Tatu, jalada. Alipeleke nje, mbali na watoto wenye pumu, alipanguse kwa brashi laini na kuliacha kivulini siku yenye upepo mkavu. Mfuko wa ndani wa karatasi, ikiwa umeota kuvu, autupe bila huruma na kutengeneza mwingine kwa karatasi nyeupe isiyo na wino. Asiifunge santuri katika mfuko wa nailoni uliokazwa. Unyevunyevu hubaki ndani nayo kuvu hurudi. Iwekwe wima, wala si kulala chini ya mzigo, mbali na ukuta unaovuja na mbali na jiko. Na asije akaitia jikoni kwenye rafu ya juu kwa kuogopa mchwa, kama alivyofanya jirani yetu mmoja, akaishia na kitu chenye umbo la bakuli.

Ama kuhusu bei, tuseme kweli hata kama haitamfurahisha kaka wa Mtwara. Ni kweli kwamba kuna santuri za zamani zinazouzwa kwa fedha nyingi, lakini hizo ni zile zilizotolewa chache zikapotea. African Piano haikupotea. Imetolewa tena mara kadhaa tangu 1973, na imetiwa pia katika diski ndogo za kisasa. Wanunuzi wa Ulaya hupima sahani na jalada mbali mbali, na jalada lililoliwa na mchwa, lenye kuvu na majina mawili ya wino, huishusha santuri hadi daraja la chini. Ukitoa gharama ya kuituma kutoka pwani yetu, kitakachobaki huenda kisitoshe bati moja. Paa la Palma halitaezekwa kwa santuri hii. Mtu aliyemwahidi kaka fedha nyingi ama hajui biashara hiyo, ama hajaliona jalada.

Tukiisha kujua hivyo, swali la haki laonekana katika ukubwa wake. Santuri ni sehemu ya urithi, hata ikiwa ndogo. Barua yaonyesha kwamba familia ni Waislamu na kwamba mirathi ya baba haikugawanywa rasmi, kwani alifariki muda mfupi kabla ya mashambulizi. Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu mwana wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike moja, na ikiwa mama yao yu hai naye ana fungu lake. Lakini ukubwa wa fungu haumpi mtu ruhusa ya kuuza fungu la mwenzake. Kaka hawezi kuiuza bila dada kukubali, wala dada hawezi kusema ni yake pekee kwa kuwa ndiye aliyeiokota. Kitu kisichogawanyika huthaminiwa, na anayekitaka hukichukua akiwalipa wenziwe mafungu yao. Kwa bei tuliyoieleza, dada aweza kulilipa fungu la kaka kwa samaki wa siku moja ya soko. Twamshauri afanye hivyo waziwazi, mbele ya mtu mzima wa ukoo, na aandike.

Asimfikirie kaka vibaya. Mtu aliyepokea jamaa waliovuka Ruvuma bila viatu, akawalisha kwa mwaka mzima katika chumba kimoja, ana haki ya kukitazama kila kitu kilichobaki na kuuliza kitaleta nini. Tena yawezekana kwamba yeye hakumbuki muziki wenyewe. Mama aandika kwamba alikuwa na miaka minane au tisa baba alipokuwa akiupiga baada ya sala ya isha, na kwamba kaka alikuwa mtoto wa mgongoni. Betri zilipokwisha, baba aliziweka juani mchana ili zipate nguvu kidogo, na jioni piano ilianza vizuri kisha ikazidi kuwa nzito na ya polepole, hata watoto wakacheka. Mama atuuliza, kwa haya kidogo, kama wimbo ule kweli ni wa polepole namna ile. La, si wa polepole. Zilikuwa betri.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kuthamini na kuandikishana, ni ndugu hawa wawili waisikie pamoja. Gramafoni ya Palma haipo tena, lakini Mtwara yaweza kupatikana mashine inayofanya kazi kwa mafundi wa redio au kwa wazee waliotunza zao. Ahakikishe yafuatayo kabla ya kuwakabidhi: mashine iwe na mwendo wa mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, sindano iwe mpya au isiwe butu, kwa sababu sindano butu huchimba mifuo na kuiharibu kwa mara moja, na fundi asiweke sarafu juu ya kichwa cha mkono ili kuizuia isiruke. Wakati inapigwa, kijana mmoja aunganishe simu yake na mashine kwa waya na kurekodi, ili santuri isilazimike kupigwa tena na tena. Muziki huo wapatikana hata kwenye intaneti, umesafishwa vizuri, lakini nakala ile haina mikwaruzo ya mzee.

Tukimaliza, neno kuhusu safari, maana kutoka Palma hadi Mtwara si njia ya lami tupu. Asafishe santuri kwanza, aikaushe siku nzima, kisha aitie kati ya mbao mbili nyembamba zilizo pana kuliko jalada, na katikati aweke kanga iliyokunjwa mara mbili. Afunge kwa kamba kwa kukingamisha, bila kukaza sana. Akipita njia ya Kilambo asiitie buti la gari ambako joto na mashimo ya barabara hukutana, aipakate. Akienda kwa mashua aiweke wima juu ya mzigo, ndani ya mfuko usiopitisha maji, na aufungue mfuko huo mara tu afikapo ili hewa iingie. Jalada alichukue pia, hata kama kaka atasema limeharibika, kwa sababu jina lililoandikwa pale ni la baba yao wote wawili, nalo litafaa kutazamwa wakati upande wa kwanza unapozunguka.